Sura ya 6: Mtumishi Amehama, Mfumo Bado Unamwona Ngara

Katika ofisi za halmashauri, zahanati na shule, kila baada ya msimu wa uhamisho linarudi swali lilelile. Mtumishi ametoka Ngara kwenda Biharamulo. Barua anayo, amesharipoti kwa mkurugenzi, amepangiwa kituo. Anakaa mbele ya kompyuta, anaandika jina lake la kuingilia na nywila, mfumo unamkubali. Ndani anakutana na kituo chake cha zamani: wagonjwa wa kule, ripoti za kule, hata foleni ya vibali vinavyomsubiri asaini kule. Kama nywila imekubali, mbona mfumo haujui yuko wapi? Wapo wanaouliza upande wa pili wa swali hilohilo: mwenzetu ameacha kazi tangu mwaka juzi, mbona risiti bado zinatoka kwa jina lake?

Jibu la haraka huwa ni "mtandao". Mtandao hubebeshwa lawama nyingi katika nchi hii, na nyingine zinaustahili, ila si hii. Chanzo kiko katika mistari michache ya msimbo, yaani maelekezo ambayo mtunzi wa programu aliiandikia kompyuta, siku alipoamua jinsi programu yake itakavyomweka ndani yake mtu ambaye tayari anajulikana kwingine. Wengi huamua jambo hilo kwa dakika tano, kwa sababu linaonekana dogo. Hoja ya sura hii ni kwamba programu inapaswa kuwa na rekodi yake yenyewe, ndogo, kwa kila mtumiaji, na rekodi hiyo ifungwe kwenye saraka ya taasisi kwa kitambulisho kisicho na maana yoyote na kisichobadilika. Mengine yote, kama jina, cheo, kituo na barua pepe, ni habari zinazochakaa, na zitendewe kama habari.

Saraka ni nini hasa

Saraka, kwa maana tunayoitumia hapa, ni hifadhi moja ya taarifa za watu wa taasisi ambayo mifumo mingi huiuliza. Kila mtu ana ingizo lake, na katika ingizo mna sifa: jina, cheo, simu, idara, barua pepe, pamoja na nywila iliyosagwa kwa hesabu kiasi kwamba hata msimamizi wa saraka hawezi kuisoma. Faida yake inaeleweka upesi. Halmashauri yenye mifumo sita haihitaji kumpa muuguzi nywila sita, kwa maana mifumo yote inaweza kuuliza sehemu moja. Akistaafu, anafungiwa sehemu moja.

Lugha ambayo mifumo huitumia kuzungumza na saraka inaitwa LDAP. Ilianzia Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, na maelezo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 1993, kama njia nyepesi ya kufikia saraka nzito zilizofuata kanuni za kimataifa za X.500 za mwaka 1988. Toleo la tatu, la mwaka 1997, ndilo msingi wa kinachotumika mpaka leo. Microsoft nao walipotoa Windows 2000 waliingiza humo saraka yao, Active Directory, na ndiyo iliyoenea zaidi maofisini.

Jambo moja kuhusu saraka lina uzito kwetu. Maingizo yake hupangwa kwa ngazi: juu kabisa taasisi, chini yake idara au eneo, chini yake mtu. Kwa hiyo kila ingizo lina jina refu linaloeleza njia ya kulifikia, mfano: mtumishi fulani, idara ya afya, Ngara, Kagera. Tuliite jina la njia. Ni zuri kwa kutafutia, na kwa kuwa halifanani na la mtu mwingine yeyote, mtunzi wa programu hushawishika kulitumia kama utambulisho wa mtu. Hapo ndipo shida inapoanza.

Kinachotokea mlangoni

Mtu wa Rulenge anayekwenda kufungua akaunti benki anaweza kuombwa barua ya mtendaji wa kijiji. Mtendaji anamjua, rejista ya kijiji iko kwake. Benki inaisoma barua, inaridhika, kisha inafanya jambo lake: inafungua faili yake na kumpa mteja namba ya akaunti ambayo mtendaji hakuitoa. Benki hainakili rejista ya kijiji. Wala haiandiki kwamba jina la mteja huyu ni "yule wa Rulenge aliyeletwa na mtendaji". Akihamia Nyakahura kesho, akaunti ni ileile na fedha ni zilezile.

Programu ya wavuti, yaani ile tunayoifungua kwa kivinjari bila kuisimika kwenye kompyuta, ikiandikwa vizuri hufuata njia hiyohiyo. Inapokea jina na nywila. Kwa akaunti yake maalumu inaingia kwenye saraka na kutafuta ingizo lenye jina hilo. Ikilipata, inaiambia saraka: jaribu kumfungulia mwenye ingizo hili kwa nywila hii. Saraka inajibu ndiyo au hapana, na programu haina haja ya kuihifadhi nywila. Kitendo hicho cha kuhakikisha kwamba mtu ndiye anayedai kuwa kinaitwa uthibitishaji. Jibu likiwa ndiyo, programu inasoma kitambulisho cha ingizo, inatafuta rekodi yake ya ndani yenye kitambulisho hicho, na kumfungulia mtumiaji kikao, yaani muda wa kufanya kazi bila kuulizwa nywila tena. Kuanzia hapo kila anachofanya, kuanzia kuandika dawa hadi kukata risiti, kinaandikwa kwa namba ya rekodi ya ndani.

Kwa ufupi: saraka inathibitisha mtu ni nani leo; programu inakumbuka alifanya nini tangu alipoanza kuitumia. Kazi hizi mbili zikichanganywa kwenye rekodi moja, moja kati yake itaharibika.

Ngara na Biharamulo kama ushahidi

Anayedhani mahali ni kitu kinachotulia aitazame ramani ya eneo hili. Chato ilikuwa sehemu ya Biharamulo. Ikawa wilaya yenyewe, bado ndani ya Kagera. Mwaka 2012 ukaundwa mkoa mpya wa Geita, na Chato ikaondoka Kagera kwenda huko. Mwalimu au mganga aliyekaa dawati lilelile miaka yote hiyo hakuhama hata hatua moja, lakini njia ya kiutawala inayofika kwake ilibadilika mara mbili. Mfumo wowote uliomtambua kwa "Kagera, Biharamulo, Chato" ungemwona kuwa ni watu watatu, au ungempoteza kabisa.

Programu ya DHIS2, iliyoasisiwa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na ambayo Tanzania huitumia kukusanya taarifa za huduma za afya (MTUHA), inaonyesha njia bora. Humo kila kituo cha afya kina kitambulisho cha herufi na tarakimu 11 kisichosema lolote kuhusu mkoa wala wilaya. Wilaya ambayo kituo kiko chini yake ni sifa tu, na inaweza kubadilishwa. Zahanati ikihamishiwa mkoa mwingine kiutawala, takwimu zake za miaka ya nyuma zinaifuata, kwa kuwa zilishikamanishwa na kitambulisho na si na njia. Kinachofaa kwa zahanati kinafaa zaidi kwa mtu, maana mtu huhama mara nyingi kuliko zahanati.

Ushahidi mzito zaidi ni wa zamani kidogo, na kompyuta hazimo. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wanaokadiriwa kufika robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara ndani ya takriban saa 24. Kambi ya Benaco ikawa na watu wengi kuliko miji mingi ya Tanzania. Hakukuwa na muda wa kumsajili kila mmoja, hivyo watu walipangwa kwa komini, yaani maeneo ya utawala ya Rwanda, walizotoka, na mgawo wa chakula mwanzoni ulipitia kwa viongozi wa komini hizo. Mtu alijulikana kwa njia: komini fulani, chini ya kiongozi fulani. Uamuzi huo unaeleweka, kwani njaa haingojei daftari. Lakini matokeo yake yanajulikana. Orodha zilivimba, viongozi walishika chakula cha ziada na pamoja nacho mamlaka juu ya watu, na baadhi ya wakubwa waliokimbilia huko walikuwa na damu mikononi. Jean-Baptiste Gatete, aliyewahi kuwa kiongozi (bamesta) wa komini ya Murambi na aliyekuwamo Benaco, alitiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari na mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha mwaka 2011. Familia ambayo ingetaka kujitenga na kiongozi wa namna hiyo ingewezaje, ikiwa kutambuliwa kwake na shirika la chakula kulipitia kwa kiongozi huyohuyo?

Wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao mwishoni mwa mwaka 1996, na kambi za Warundi kama Lukole zikaendelea kwa miaka mingine. Kuanzia miaka ya 2000 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi likahamia kwenye usajili wa mtu mmoja mmoja katika mfumo wake uitwao proGres, ambamo mtu ana namba yake na kaya ina namba yake. Binti akiolewa kambini, anahama kaya na namba yake inabaki. Alama za vidole na mboni za macho zilikuja kuongezwa kama njia ya kuthibitisha, lakini namba ya mtu ndiyo iliyokuwa badiliko kubwa. Anayeandika msimbo wa kuingilia kwenye mfumo wa halmashauri anakabiliana na uamuzi wa aina ileile, ingawa kwa bahati nzuri madhara yake ni madogo.

Kitambulisho kipi kitumike?

Jina la kuingilia ndilo chaguo la kwanza la wengi, na ndilo baya zaidi. Hubadilika mtu akiolewa au makosa ya tahajia yakirekebishwa. Katika Active Directory, jina la mtindo wa zamani halizidi herufi 20, hivyo majina marefu hukatwa na kuanza kufanana. Hatari kubwa kuliko zote ni kwamba jina hutumika tena. Mtumishi wa kwanza ameondoka, jina lake limefutwa, mwaka unaofuata anaajiriwa mwingine mwenye herufi zilezile na anapewa jina lililo wazi. Siku ya kwanza anaingia kwenye mfumo wa mapato na kukuta historia ya mtu mwingine imekuwa yake, pamoja na ruhusa zake na madeni yake ya hesabu. Hakuna kengele itakayolia, kwa sababu kwa mtazamo wa msimbo kila kitu kimekwenda sawa. Barua pepe ina ugonjwa huohuo.

Cheki namba, ile ambayo kila mtumishi wa umma hupewa kwa ajili ya mshahara, ni bora kuliko jina. Haibadiliki akihama. Tatizo ni kwamba wanaotumia mifumo hawaishii kwa watumishi wa umma. Katika hospitali za Murgwanza na Rulenge, moja ya Kanisa Anglikana na nyingine ya Kanisa Katoliki, kuna walioajiriwa na serikali na walioajiriwa na dayosisi, na wote huwahudumia wagonjwa walewale. Wapo pia wanaojitolea na wanafunzi walio kwenye mafunzo kwa vitendo. Ukiufunga mfumo kwenye cheki namba, hawa wote watalazimika kuingia kwa akaunti za wengine.

Namba ya NIDA, je? Wengi huiona ndiyo suluhisho, hasa tangu usajili wa laini za simu kwa alama za vidole mwaka 2019 na 2020 ulipoifanya ijulikane hadi vijijini. Ni namba ya tarakimu 20, ya mtu mmoja, na inadumu. Nina mapingamizi mawili. Kwanza, inasema mambo: tarakimu zake nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kuisambaza katika kila jedwali la kila mfumo ni kusambaza umri wa mtu na ufunguo wa kuunganisha taarifa zake zote, wakati Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka mkusanyaji wa taarifa achukue zile tu zinazohitajika kwa kazi yake. Pili, si kila mtumiaji anayo. Katika wilaya za mpakani uhakiki wa uraia hufanywa kwa makini zaidi na unaweza kuchukua muda, na mtumishi hawezi kukaa bila kazi akiisubiri. NIDA itumike pale mtu anapoandikishwa kwenye saraka mara ya kwanza, ili ijulikane ni yeye. Isigeuzwe kuwa kamba ya kumfungia katika kila programu.

Kinachobaki ni kile ambacho saraka zenyewe hukitengeneza. Active Directory humpa kila mmoja kitambulisho kiitwacho objectGUID. Saraka nyingi nyingine zina entryUUID, kilichowekewa kanuni mwaka 2006. Vyote ni mfuatano wa tarakimu na herufi 32 ambao hakuna binadamu anayeukariri. Ingizo likibadilishwa jina, kitambulisho hakibadiliki. Likihamishwa kutoka tawi la Ngara kwenda la Biharamulo, hakibadiliki. Likifutwa na kuundwa upya kwa jina lilelile, kinatokea kipya kabisa, na programu inamwona aliyeingia kuwa mgeni. Wapo wanaolalamikia hilo la mwisho: msimamizi akifuta ingizo kwa bahati mbaya na kuliunda tena, mtumishi anapoteza kazi zake zote. Kweli, na atapiga simu asubuhi ileile. Kosa linalomfungia mtu nje linaonekana na kurekebishwa. Linalomkabidhi mtu vitu vya mwingine linaweza kukaa miaka.

Rekodi ndogo

Rekodi ya ndani haihitaji mengi. Kwa mifumo mingi haya yanatosha:

- namba ya ndani, inayotolewa na programu yenyewe;
- saraka aliyotoka mtu, kwa kuwa mfumo mmoja unaweza kuuliza zaidi ya moja, ya halmashauri na ya hospitali ya dayosisi;
- kitambulisho cha kudumu cha ingizo lake;
- jina la kuonyesha, ambalo ni nakala na husahihishwa kila anapoingia;
- hali yake, hai au amefungwa, na tarehe aliyothibitishwa mwisho.

Namba ya simu isiwemo kama programu haitumi ujumbe. Nywila isiwemo kabisa, hata iliyosagwa. Na katika kikao iwekwe namba ya ndani tu, kwa maana wapo wanaobeba ingizo zima la saraka ndani ya kikao, halafu wanashangaa mtu aliyebadilishiwa cheo asubuhi bado ana cheo cha jana hadi jioni.

Hapa kuna pingamizi la haki. Kama saraka ndiyo yenye ukweli, kwa nini tuweke rekodi yoyote? Si bora kuiuliza kila mara, tusiwe na nakala ya kuchakaa? Wenye hoja hii wanaogopa kitu cha kweli: programu nyingi zimejaa majina ya watu walioondoka zamani. Mwaka 2016 serikali ilitangaza kuwagundua watumishi hewa zaidi ya 10,000 kwenye orodha za mishahara, na akaunti hewa katika mifumo ni ndugu zao. Lakini hoja inasahau kwamba saraka inawajua walio kazini sasa. Mkaguzi anapofika kuuliza ni nani aliyekata risiti ya ushuru wa mazao miaka mitano iliyopita, saraka huenda ilishamfuta mtu huyo. Risiti ikiwa imeandikwa kwa namba ya ndani, na rekodi ya ndani haikufutwa bali ilifungwa, jibu lipo. Kwa hiyo rekodi isifutwe, ila kila anayeingia lazima apite kwenye saraka, na aliyefungwa huko asipate kikao hapa. Nakala inayochakaa ni tatizo pale tu programu inapoiamini kufungua mlango.

Kujulikana si kuruhusiwa

Turudi kwa mtumishi wetu aliyehamia Biharamulo na kuona wagonjwa wa Ngara. Uthibitishaji wake haukuwa na kosa. Kilichokosewa ni ruhusa, yaani orodha ya anachoweza kuona na kutenda, ambayo programu iliichukua siku alipoingia mara ya kwanza na haikuigusa tena. Mambo haya mawili husemwa kwa pumzi moja kiasi kwamba hata wataalamu wa TEHAMA huyaandika katika sehemu moja ya msimbo.

DHIS2 imeyatenganisha vizuri. Akaunti ya mtumiaji inaweza kuunganishwa na saraka kwa LDAP, nywila ikahakikiwa huko. Lakini ni lazima akaunti iwepo kwanza ndani ya DHIS2, na humo ndimo yanamowekwa majukumu yake na vituo anavyoruhusiwa kuviingizia takwimu, kando na vile anavyoruhusiwa kuvisoma tu. Muuguzi anaweza kuingiza takwimu za zahanati moja na kusoma za wilaya nzima. Uhamisho ukitokea, msimamizi wa wilaya anabadilisha vituo, na mtu anabaki kuwa yeye. (Wanaofikiria kutumia njia hii wajue udhaifu mmoja: kinachounganisha akaunti na saraka humo ni thamani inayoandikwa na msimamizi, na akiandika jina la kuingilia badala ya kitu kinachodumu, amerudi kulekule tulikotoka.)

Wengine hupendelea ruhusa zitoke kwenye cheo kilichoandikwa katika saraka. Aliye mganga mfawidhi aidhinishe, asiye mganga mfawidhi asiidhinishe. Rahisi, na hakuna wa kubadilisha chochote mara mbili. Ingekuwa rahisi kweli kama maofisi yetu yasingekuwa na kukaimu. Mfawidhi amekwenda semina Bukoba wiki mbili, tabibu anakaimu, barua ya kukaimu ameandikiwa, lakini katika saraka cheo chake ni kilekile. Mahitaji ya dawa yanasubiri idhini. Kitakachofuata kila aliyewahi kufanya kazi kituoni anakijua: mfawidhi atapigiwa simu, atataja nywila yake, na itaandikwa kwenye kipande cha karatasi chini ya kinanda. Kuanzia hapo uthibitishaji wote umekuwa mchezo, kwa sababu mfumo unaamini mfawidhi yupo Ngara na Bukoba kwa wakati mmoja. Msimbo usiokuwa na nafasi ya kukaimu unawalazimisha watu waaminifu kudanganya.

Msimamo wangu ni kugawa. Lililo la taasisi nzima, kama kuwa mtumishi au kusimamishwa kazi, litoke kwenye saraka. Lililo la mfumo huu peke yake, kama kuidhinisha mahitaji ya dawa ya zahanati fulani kuanzia tarehe hii hadi ile, liwe ndani ya programu, likiwa limeshikamanishwa na namba ya ndani na lina tarehe ya mwisho.

Kwa ufupi: ruhusa zina mwanzo na mwisho, mtu hana. Zikae katika jedwali lake lenyewe.

Laini ikikatika

Pingamizi linalosikika zaidi katika wilaya zilizo mbali na makao ya saraka ni la mtandao. Laini ikikatika kati ya Ngara na ilipo saraka, hakuna atakayeingia. Si heri programu itunze nywila yake ya akiba? Hapana, na sababu si ukaidi. Nywila ya akiba inabaki kufanya kazi hata baada ya saraka kumfungia mtu, na anayetaka kuitumia vibaya anachohitaji ni kukata mawasiliano. Kinachowezekana ni kuwaacha walio na vikao waendelee kwa muda uliopangwa, saa kadhaa, na kwa wodi au kituo cha mpaka kisichoweza kusimama, kuweka karibu nakala ya saraka inayojisasisha yenyewe laini ikirudi. Saraka zinazojulikana zina uwezo huo. Akaunti moja ya dharura, yenye nywila iliyofungwa kwenye bahasha na kila matumizi yake kuandikwa, inamaliza yaliyobaki.

Mitego midogo, madhara makubwa

Mitego hii inajulikana siku nyingi, nayo bado inanasa watu. Kwa kanuni za LDAP, anayewasilisha jina bila nywila anaweza kuhesabiwa kuwa mgeni asiyejitambulisha, na saraka nyingine humjibu "sawa". Programu isiyokagua nywila tupu italichukua jibu hilo kuwa uthibitisho na kumfungulia yeyote. Alama za nyota, mabano na mkwaju wa kinyume zina maana maalumu katika swali la kutafuta, hivyo jina lililoandikwa na mtumiaji lisafishwe kabla ya kuingizwa humo. Utafutaji ukirudisha maingizo mawili, programu ikatae, isichukue la kwanza. Na mawasiliano yote na saraka yasimbwe, vinginevyo nywila inasafiri wazi kwenye nyaya.

Mfumo ambao tayari umekosea

Nyingi za programu zilizopo zilishajengwa kwa jina la kuingilia, na hakuna halmashauri itakayozitupa. Haihitajiki. Kwenye jedwali la watumiaji huongezwa safu mbili, ya saraka na ya kitambulisho cha kudumu, zikiwa tupu. Kisha orodha yote inalinganishwa na saraka mara moja, si kwa jina peke yake bali pamoja na cheki namba au barua pepe, na tarehe ya kuundwa kwa ingizo la saraka inatazamwa dhidi ya kazi za kwanza za mtumiaji. Ingizo lililoundwa mwaka jana haliwezi kuwa la mtu aliyekata risiti miaka saba iliyopita. Pengine ndipo litakapogunduliwa jina lililotumika mara mbili. Wanaolingana hujaziwa kitambulisho, na kuanzia siku hiyo msimbo unatafuta kwa hicho tu. Mwenye rekodi mbili, moja ya Ngara na moja ya Biharamulo, asiunganishiwe kwa kuandika upya historia: rekodi ya zamani inafungwa na kuelekezwa kwenye mpya, na risiti zake zinabaki na namba zilizozaliwa nazo. Wasiopatikana kwenye saraka, na kwa kawaida hawa ndio wengi kuliko ilivyotarajiwa, wanafungwa bila kufutwa, na majina yao yanapelekwa kwa afisa utumishi, ambaye ndiye mwenye mafaili ya kuonyesha nani alistaafu, nani alihama na nani hakuwahi kuajiriwa.